Je, ni mvinyo uliomtia Gachechiladze kwenye upinzani?

"Mtaalamu, shikamoo. Nina kiwanda kidogo cha mvinyo nje kidogo ya mji wa Dodoma, na ekari chache za zabibu. Wazee wa kata wananisukuma nigombee udiwani, tena kupitia upinzani. Shemeji yangu amenitisha kwa kisa cha mfanyabiashara wa mvinyo wa nchi ya Georgia, Levan Gachechiladze. Anasema bwana huyo alikuwa tajiri, Urusi ikafunga soko la mvinyo wake, akakasirika, akaingia upinzani kwa fedha za Warusi, akagombea urais akashindwa, na akaishia hana kiwanda wala cheo. Kijiweni kuna mwingine anasema kinyume: alishinda, akaibiwa kura. Ukweli ni upi? Na mwenye biashara kama yangu achukue nini hapo?"

Marahaba. Barua yako nimeisoma mara mbili, na naona swali lenyewe liko kwenye mstari wa mwisho. Georgia ni njia tu ya kulifikia. Unachoogopa ni kwamba leo ukichukua fomu, kesho asubuhi kuna mtu getini na mkoba wa karatasi anataka kukagua vitabu vya kiwanda. Hofu hiyo ina akili ndani yake, na nitaifikia. Kwanza tunyooshe hadithi ya shemeji, maana vipande vyake vingi ni vya kweli ila amevipanga kinyumenyume. (Na kama kijiweni kuna anayefikiria jimbo la Georgia la Marekani, lenye mji wa Atlanta, mwambie hii ni Georgia nyingine: nchi ndogo chini ya milima ya Caucasus, mji mkuu wake Tbilisi.)

Gachechiladze alizaliwa mwaka 1964, wakati nchi yake ni sehemu ya Muungano wa Kisovieti. Muungano ulipovunjika, Georgia iliangukia vita vya wenyewe kwa wenyewe, umeme wa kubahatisha na fedha isiyo na thamani. Viwanda vya serikali vilivyokuwa vikitengeneza mvinyo kwa mamilioni ya lita vilisimama. Yeye ni miongoni mwa vijana walioona nafasi pale ambapo wengine waliona magofu. Katika miaka hiyo ya 1990 alishiriki kuanzisha kampuni ya Georgian Wines and Spirits, maarufu kwa kifupi GWS, na baadaye kampuni kubwa ya Kifaransa, Pernod Ricard, ikaingia ndani kama mbia. Huyo mbia wa Kifaransa mshike, tutamhitaji mbele.

Sasa angalia tarehe, maana hapo ndipo shemeji anapoteleza. Urusi ilipiga marufuku mvinyo wa Georgia na wa Moldova mwezi Machi 2006. Lakini Gachechiladze alikuwa ndani ya siasa miaka mingi kabla ya hapo. Yeye na wafanyabiashara wenzake walikuwa kambi moja na Rais Eduard Shevardnadze, wakajiengua, na mwaka 2001 wakaunda chama chao kilichojulikana kama New Rights. Mwenzake mkuu humo alikuwa David Gamkrelidze, mwanzilishi wa kampuni ya bima. Mwaka 2003 umati ulipomwondoa Shevardnadze katika yale yaliyoitwa Mapinduzi ya Waridi, chama chao hakikujiunga na umati. Januari 2004 Mikheil Saakashvili, kiongozi wa umati huo, akachaguliwa rais kwa zaidi ya asilimia 96 ya kura. Ukisikia asilimia kama hiyo, ujue aliyebaki nje ya shangwe hana pa kukaa isipokuwa upinzani.

Machi 2004 New Rights waliungana na chama cha wenye viwanda kilichoongozwa na Gogi Topadze, mtengeneza bia, na wakavuka kwa tabu kizingiti cha asilimia 7 kuingia bungeni. Kwa hiyo upinzani wa bunge lile ulikuwa na bia, mvinyo na bima. Nacheka kidogo ninapoandika hivyo, lakini hoja yenyewe ni nzito: hawa hawakuwa watu waliokasirishwa na marufuku ya Urusi. Walikuwa tabaka la wenye mali waliotaka kodi nyepesi na serikali isiyoingia ofisini kwao bila hodi.

Hata hivyo marufuku yenyewe inastahili kuelezwa, kwa sababu wewe ni mtu wa zabibu na utaelewa maumivu yake haraka kuliko wengi. Kakheti, mkoa wa mashariki ulio moyo wa mvinyo wa Georgia, watu wanachuma Septemba na Oktoba. Msimu huo wanauita *rtveli*. Nyumba nyingi zina chumba cha chini chenye *qvevri*, mtungi wa udongo wenye umbo la yai, umefukiwa ardhini hadi shingoni na kupakwa nta ya nyuki kwa ndani. Zabibu zinapondwa, na juisi inamiminwa humo pamoja na maganda, kokwa na mara nyingine vikonyo. Inachachuka, kisha mdomo unafunikwa kwa jiwe na kuzibwa kwa udongo hadi masika ya mwaka unaofuata. Ardhi ndiyo jokofu. Mtungi ukifunguliwa, hata mvinyo wa zabibu nyeupe unatoka na rangi ya asali iliyokolea, na ukali wa maganda unaushika ulimi. Mwaka 2013 UNESCO iliuingiza ufundi huo katika orodha ya urithi wa binadamu, na vigae vya mitungi vilivyochimbwa kusini mwa Tbilisi vimeonyesha mabaki ya mvinyo wa karibu miaka 8,000 iliyopita. Yaani kabla ya Firauni yeyote kuvaa taji, kuna mtu pale alikuwa tayari anaonja na kukunja uso.

Nchi yenye historia hiyo ilikuwa inauza karibu asilimia 80 ya mvinyo wake wa nje kwa mteja mmoja: Urusi. Mganga mkuu wa usafi wa Urusi, Gennady Onishchenko, akatangaza kwamba mvinyo wa Georgia una dawa za kuulia wadudu na haufai. Mwezi Mei maji ya Borjomi, maji ya madini ya chupa kutoka Georgia, nayo yakafuata. Ni kweli mvinyo feki wenye majina ya Kigeorgia ulikuwepo madukani, lakini marufuku ilifyeka wazuri na wabovu kwa panga moja, wakati uhusiano wa Moscow na Tbilisi umechacha kuliko mvinyo wenyewe. Waziri wa Ulinzi wa Georgia, Irakli Okruashvili, akazidi kuharibu: alisema hadharani kwamba kwenye soko la Urusi hata kinyesi kingeuzika. Hebu fikiria wewe ni mkulima wa Kakheti, umevuna, mnunuzi amekukimbia, halafu waziri wako mwenyewe anasema hivyo. Soko lile halikufunguliwa tena hadi 2013.

Kwa hiyo marufuku haikumfanya Gachechiladze kuwa mpinzani. Ilichofanya ni kuongeza hasira ya watu wa kawaida, na hasira hiyo ndiyo aliyoikuta barabarani mwaka 2007.

Mwaka huo ndio ulioibadilisha sura yake mbele ya nchi. Okruashvili, yule yule wa kauli ya soko la Urusi, aliachana na Saakashvili, akamtuhumu mambo mazito na akakamatwa mwezi Septemba. Novemba 2 maelfu wakajaa mbele ya bunge, barabara ya Rustaveli. Novemba 7 polisi wakawatawanya kwa mabomu ya machozi, maji na risasi za mpira; kituo cha televisheni cha Imedi kikavamiwa na kuzimwa usiku huo, na hali ya hatari ikatangazwa. Saakashvili, akibanwa na nchi za Magharibi zilizokuwa zikimsifu, akajiuzulu ili uchaguzi wa rais ufanyike mapema, Januari 5, 2008. Upinzani ukabaki na wiki chache kutafuta mgombea.

Wakamchagua yeye. Na hapa naomba usome taratibu, kwa sababu jibu la swali lako nusu yake limekaa hapa. Hawakumchagua kwa utajiri. Ndani ya upinzani kulikuwa na mwenye fedha nyingi kumzidi mara kadhaa, Badri Patarkatsishvili, mmiliki wa Imedi, ambaye aligombea kivyake. Muungano ulikuwa wa vyama tisa, kila kimoja na mwenyekiti anayeamini nchi inamsubiri yeye. Gachechiladze wakati huo alikuwa mbunge asiye na chama. Alishaachana na New Rights. Hakuna mwenyekiti aliyemwona kuwa tishio.

GWS ina chapa ya mvinyo iitwayo *Tamada*. Kwenye karamu ya Kigeorgia, *tamada* ndiye mshereheshaji: anasimama, anatoa heri kwa walio hai na kumbukumbu kwa waliokufa, na hakuna anayekunywa kabla yake. Meza si yake, chakula si chake, na karamu ikiisha kila mtu anarudi kwake. Vyama vile tisa vilikuwa vimetafuta tamada. Hata ahadi yake kubwa ilikuwa ya tamada: Georgia isiyo na rais. Alisema akishinda atasimamia mabadiliko ya katiba ili madaraka yaende bungeni, na waziri mkuu awe Salome Zourabichvili, aliyewahi kuwa Waziri wa Mambo ya Nje. Mgombea urais anayeomba kura ili aufute urais! Wengine waliona ni uungwana, wengine waliona ni dalili kwamba hajui anachokitaka.

Matokeo rasmi: Saakashvili asilimia 53.47, Gachechiladze 25.69, Patarkatsishvili 7.1. Na yule rafiki wa zamani, Gamkrelidze wa bima, naye aligombea akapata 4. Jiulize mwenyewe kuhusu umoja wa upinzani.

Je, aliibiwa? Hapo mtu wa kijiweni naye anahitaji kupunguzwa kasi. Waangalizi wa Ulaya walisema uchaguzi kwa ujumla ulikidhi masharti mengi ya kidemokrasia, lakini wakataja kasoro kubwa: rasilimali za serikali kutumika kwenye kampeni, vitisho, na dosari katika kuhesabu kura. Kizingiti cha kukwepa duru ya pili kilikuwa asilimia 50, na Saakashvili alikivuka kwa pointi tatu na nusu. Ukisema kwamba bila kasoro zile huenda kungekuwa na duru ya pili, unasema jambo linaloweza kujadiliwa. Ukisema Gachechiladze alishinda urais, huna hesabu ya kulishikilia. Pengo kati yao lilikuwa karibu pointi 28. Lakini hata kwa takwimu rasmi, ndani ya mji wa Tbilisi ni yeye aliyeongoza. Ndiyo maana wakazi wa mji mkuu waliona kama wameibiwa: kila waliyemjua alimpigia kura yeye. Jambo hilo si geni kwetu. Mtaa mmoja ukiimba wimbo mmoja, watu husahau kwamba nchi ina mitaa mingine.

Kuhusu fedha za Warusi. Serikali ya Saakashvili ilipenda kuupaka upinzani wote rangi ya Moscow, na Novemba 2007 ilitoa rekodi ikidai baadhi ya viongozi wanazungumza na majasusi. Kumbuka lakini kwamba siku ileile ya uchaguzi, Januari 5, wananchi waliulizwa pia kama wanataka kujiunga na NATO, umoja wa kijeshi wa nchi za Magharibi, na zaidi ya robo tatu walisema ndiyo. Idadi hiyo isingefikiwa bila wapiga kura wengi wa upinzani. Watu walewale waliomkataa Saakashvili walitaka kwenda Magharibi. Neno "kibaraka" lina kazi yake katika nchi ndogo iliyo jirani na kubwa: linaokoa muda wa kujibu hoja. Shemeji akiwa na ushahidi mahsusi, aulete. Kama hana, tuliache.

Baada ya hapo njia ilikuwa ya kuteremka. Uchaguzi wa bunge wa Mei 2008 muungano wake ulipata chini ya asilimia 18, na yeye pamoja na wenzake wengi wakakataa kukalia viti walivyovipata. Kwa maoni yangu hilo ndilo kosa lake kubwa, kubwa kuliko lolote la Januari. Kiti cha bunge ni kipaza sauti kinacholipiwa na serikali. Ukikisusa, unabaki na barabara tu, na barabara inachoka. Agosti ikaja vita na Urusi, na kwa muda hakuna aliyetaka kusikia habari za upinzani. Aprili 9, 2009 wakarudi Rustaveli. Kuna jambo hapa linalochekesha na kuumiza kwa pamoja: ndugu wa Gachechiladze, Giorgi, mwanamuziki anayefahamika kama Utsnobi, alikuwa amejifungia kwenye chumba kilichofanywa kama selo na kurushwa kwenye televisheni, akiapa kutotoka hadi rais aondoke. Waandamanaji wakaiga, wakajenga selo za vyuma na maturubai katikati ya barabara, zimepigwa namba, watu wanalala humo wiki baada ya wiki. Kiangazi kikafika, joto likapanda, selo zikaondolewa. Saakashvili alibaki.

Aliyemwondoa alikuwa mfanyabiashara mwingine, na hapa kuna ulinganisho utakaokufaa. Bidzina Ivanishvili alijipatia mabilioni yake Urusi, kwenye benki na vyuma. Alipotangaza siasa Oktoba 2011, ndani ya siku chache alivuliwa uraia wa Georgia. Benki yake ya Cartu ikaandamwa, na mwaka 2012 akatozwa faini za mamilioni ya dola kwa kukiuka sheria ya fedha za vyama. Alihimili kwa sababu kapu lake halikuwa na mwisho, na kwa sababu alijenga chama chake mwenyewe, Georgian Dream, chenye mwenye nyumba mmoja. Akashinda Oktoba 2012. Amekuwa waziri mkuu kwa mwaka mmoja tu, lakini kivuli chake juu ya nchi hakijaondoka hadi leo, na wengi waliomshangilia siku ile sasa wanaandamana dhidi ya chama chake kwenye barabara ileile ya Rustaveli.

Na ile ndoto ya Georgia isiyo na rais mwenye nguvu? Wengine waliitimiza. Katiba ilirekebishwa hatua kwa hatua, Zourabichvili akawa rais wa mwisho kuchaguliwa moja kwa moja na wananchi mwaka 2018, na Desemba 2024 baraza maalumu la wapiga kura 300 likamweka Mikheil Kavelashvili, mchezaji wa zamani wa Manchester City. Sidhani Gachechiladze alikuwa na picha hiyo kichwani mwaka 2008.

Sasa turudi getini kwako. Shemeji anasema jamaa aliishia bila kiwanda. Si hivyo. GWS iliendelea kutengeneza mvinyo wakati mwanzilishi wake yuko barabarani na kipaza sauti. Mbia wa Kifaransa alikuwemo, wahasibu wake walikuwemo, na jina la mtu mmoja halikuwa ndilo lililosimamisha kampuni. Tazama waliobanwa kwenye mali: Patarkatsishvili kwa televisheni, Ivanishvili kwa benki. Dola ikikutafuta haianzi kwa kuuliza una mali kiasi gani. Inatafuta mali inayoongea na watu, au ile inayoishi kwa kibali. Mvinyo wako hauongei na watu, lakini unaishi kwa vibali: leseni, ushuru wa bidhaa, stempu kwenye kila chupa, vipimo vya ubora. Hapo ndipo ulipo wazi, na ungekuwa wazi hapo hata kama ungegombea kupitia chama tawala na ukakosana na mtu.

Kwa hiyo sikwambii ugombee wala usigombee. Udiwani si urais, na kata yako si Rustaveli. Nikiwa mkweli, naona sababu moja ya kukubali na moja ya kukataa. Ya kukubali ni kwamba wazee wanakufahamu kwa kazi, na diwani anayejua bei ya kilo ya zabibu shambani ana maana kwenye baraza. Ya kukataa ni swali ambalo Gachechiladze hakujiuliza mapema: wanakutaka wewe, au wanamtaka mtu asiyemtisha mwingine? Waulize hao wazee nani mwingine alitajwa na kwa nini akaachwa. Majibu yao yatakuambia kama unaalikwa kuwa kiongozi au tamada.

Mengine hayatoki kwenye barua. Kabla hujachukua fomu, kaa ana kwa ana na wakili na mhasibu, wote wawili, wasiwe makada wa chama chochote. Nenda na leseni zako, hesabu za miaka mitatu, mikataba ya mikopo na hati ya shamba kama imewekwa dhamana. Muulize wakili kama kiwanda kiko kwa jina lako binafsi au ni kampuni yenye wakurugenzi wengine; kama ni jina lako tu, hilo lirekebishwe kwanza. Muulize pia kuhusu tamko la mali na madeni linalopelekwa Sekretarieti ya Maadili ya Viongozi wa Umma. Kama una deni la kodi, hata dogo, lilipe au liandikiwe makubaliano kabla jina lako halijasikika. Na kama umeshaanza kupata simu za vitisho, usiningoje mimi: peleka namba na tarehe kwa wakili leo hii.

Halafu kaa na mkeo. Shemeji mnaweza kumwalika baadaye, na chupa ya Makutupora mezani.